Mtutu wa 1952 kwenye M1 Garand yangu ya 1944

Muuzaji aliniapia kwamba kila kitu ni orijino. Ilikuwa hapa Ohio, kwenye maonyesho ya bunduki, nami nilikuwa nimeitafuta M1 Garand, bunduki ya askari wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, kwa miaka 3. Namba iliyogongwa nyuma ya mwili wa bunduki, chini ya maneno SPRINGFIELD ARMORY (kiwanda cha silaha cha jeshi la Marekani), niliilinganisha na orodha za uzalishaji nikapata 1944. Nikalipa bei ya bunduki ambayo haijaguswa tangu vita.

Usiku ule niliikoki mpaka bolti ikanasa nyuma. Mkono wa kukokea ukiwa mbele hufunika maandishi yaliyo ubavuni mwa mtutu, upande wa kulia, kwa hiyo ni lazima urudi nyuma ndipo uyaone. (Angalia kidole gumba chako. Bolti hiyo ikirudi mbele ghafla haina huruma.) Maandishi yalikuwa yamezibwa na grisi iliyoganda. Nikachukua mswaki uliochakaa, matone ya mafuta na tochi, nikasugua taratibu. Ikatokea SA, yaani Springfield Armory, ikafuata namba ya mchoro wa kiwandani, F6535448, mwisho mwezi na mwaka, 10 52.

Oktoba 1952. Mitutu ambayo Springfield ilitengeneza wakati wa vita ina namba ya mchoro D35448, na tarehe yake kwa kawaida hutangulia ile ya mwili wa bunduki kwa mwezi mmoja, miwili au mitatu. Wangu ulikuwa umechelewa miaka 8. Niliumia sana, maana kwa wakusanyaji mtutu ndio kitu cha kwanza kutazamwa, na tofauti ya bei kati ya ule uliozaliwa na bunduki na ule uliopachikwa baadaye ni mamia ya dola.

Hasira ilipopoa nikaanza kujiuliza kwa nini ulibadilishwa. Fataki (kidude cha kuwashia baruti) za risasi za jeshi la Marekani wakati ule zilikuwa na chumvi ya klorati. Ukipiga risasi, chumvi hubaki ndani ya mtutu, huvuta unyevu wa hewa, na asiposafisha askari siku hiyohiyo kutu inaanza kula mifereji ya ndani inayoizungusha risasi. Isitoshe, Garand haisafishiki kutoka nyuma, maana mwili wake umezibwa huko. Ufito wa kusafishia huingizwa mdomoni mwa mtutu, na kila unapopita unaukwangua mdomo kidogo, mpaka risasi inatoka pasipo kushikwa sawasawa. Kwa hiyo Garand nyingi zilirudishwa karakana za jeshi baada ya vita zikavishwa mitutu mipya, na vita vya Korea, 1950 hadi 1953, vikaongeza kazi hiyo. Kwenye kitako cha yangu nilikuta muhuri RIA, chini yake EB. Huo ni wa karakana ya jeshi ya Rock Island (Rock Island Arsenal), Illinois, na EB ni herufi za jina la mkaguzi wake. Najua kitako cha Garand hubadilishwa kwa dakika moja bila hata bisibisi, hivyo muhuri peke yake si ushahidi. Lakini ukiuweka pamoja na mtutu wa 1952, habari zinaingiana.

Nikampelekea fundi wa bunduki, mzee ambaye amezishika bunduki hizi tangu ujana wake. Aliingiza geji ya kupimia uchakavu kooni mwa mtutu, pale risasi inapoanza kuingia kwenye mifereji, ikasoma 2, ya mdomoni ikasoma 1. Namba ikiwa ndogo, mtutu haujachakaa. Akapima na nafasi ya risasi kwenye chemba, ikawa salama. Kisha akaniambia anaye mtu mwenye mtutu wa mapema 1944, nikitaka ataufunga.

Hilo lilinitia majaribuni kwa wiki nzima. Kuubadilisha kunataka jiliwa kubwa, spana ya kushikia mwili wa bunduki, na mkono unaojua kuusimamisha mtutu wima kabisa, la sivyo kidude cha mbele cha kulengea shabaha kinalala upande. Hayo fundi aliyaweza. Kilichonizuia ni kwamba mtutu huo wa 1944 ulitolewa kwenye bunduki nyingine. Ningekuwa na tarehe zinazolingana na kitu ambacho hakijawahi kuwepo, halafu siku moja mtu angeinunua kwa maneno yaleyale niliyoambiwa mimi. Mtutu wa 1952 uliwekwa na jeshi lenyewe, kwa sababu ya kweli. Nikaukataa ule mwingine.

Yule muuzaji nilimpigia simu, nikamtumia picha za maandishi. Alikiri hakujua pa kutazama. Tuliongea kwa adabu, akanirudishia sehemu ya fedha, nami nikaridhika na bei ya bunduki iliyofanyiwa ukarabati jeshini. Ukienda kununua, basi, omba kwanza ruhusa ya kurudisha bolti nyuma na uwe na tochi mfukoni. Mwenye nia njema hatakukatalia.

Niliandika karatasi ndogo: mwili 1944, mtutu 10-52, muhuri RIA EB, koo 2, mdomo 1, na tarehe ya kipimo. Nikaikunja, nikafungua kifuniko cha chuma kwenye kitako, nikaitia ndani ya tundu ambamo askari alikuwa akiweka kichupa chake cha mafuta.