Alhamisi Nitakula Kiapo

Ndugu zangu, Alhamisi hii nitatoa ushahidi chini ya kiapo katika rufaa yangu ya mafao ya ulemavu hapa Marekani, baada ya ombi langu kukataliwa mara mbili. Wakili amenionya kwamba neno "naumwa" peke yake halimsaidii hakimu, kwa kuwa anachotaka kujua ni dakika ngapi ninaweza kuketi kabla mgongo haujanilazimisha kusimama, ni ratili ngapi ninaweza kuinua, na ni siku ngapi kwa mwezi nisingeweza kufika kazini. Kwa hiyo nimekuwa nikijipima jikoni kwa saa ya ukutani: naosha vyombo dakika 12, kisha nalala chali sakafuni, povu likiwa bado mikononi. Nyaraka za hospitali, zinazotakiwa angalau siku 5 za kazi kabla ya kikao, zimeshawasilishwa, na mkalimani wa Kiswahili nimeomba. Huduma yake hailipiwi. Kinachonishinda ni adabu tuliyolelewa nayo, ya kujibu "nzuri" hata ukiwa hoi. Jana, tukifanya mazoezi, wakili aliniuliza habari za mgongo, nami nikajibu, "Haujambo, nashukuru." Akaweka kalamu mezani, tukaanza upya.