Beringi ya nyuma ya jenereta ya mtumba

Alternata (sehemu ya jenereta inayozalisha umeme) ikiunguruma na kifuniko cha nyuma kikiunguza mkono, usianze kufungua injini. Shuku beringi.

Chomoa betri kwanza. Halafu zungusha rota (sehemu inayozunguka) mpaka uso mzima wa poli, yaani ncha yake ya sumaku, uangalie chini, maana kifuniko kikitoka rota inalalia stata, sehemu isiyozunguka inayoizunguka. Ikikaa vibaya inakwaruza koili, na kusuka koili upya ni gharama nyingine kabisa. Waya za eksaita (jenereta ndogo inayoipa rota umeme) zipige picha.

Beringi kuukuu itoe kwa pula (kifaa cha kuvutia beringi), patasi iache kwenye boksi. Soma namba: 6309 ni tundu milimita 45, nje 100, unene 25. Ikiwa na C3, alama ya nafasi kubwa zaidi ndani, nunua C3. Ile ya kawaida ina nafasi ndogo ndani, ikipata moto inajibana.

Mpya yenye mpira pembeni ipashe, isizidi nyuzi 80, isukume kwa bomba linalogusa ringi ya ndani tu. Ukigonga ya nje, gololi zinachimba vishimo kwenye njia yake: umeiua kabla haijazunguka.

Nyumba ya beringi, tundu inamokaa, imelegea? Vitone vya senta panchi (patasi yenye ncha kali) vya kuikaza havidumu. Peleka kwa fundi wa lethi (mashine ya kuchonga chuma), achonge na kuweka bushi, pete ya kuziba nafasi.