Gia ya mbele iliyokuwa ngumu kupanda na ngumu kushuka

Baiskeli yangu ya mtumba ina sproketi tatu mbele, za meno 42, 34 na 24, na kwa muda mrefu mnyororo ulikuwa haupandi kwenye ile kubwa mpaka nisukume liva kwa nguvu zote za kidole gumba. Nikitaka kuushusha, ulisugua kwanza bamba la kibadili gia, yaani kile kifaa kinachousogeza mnyororo kati ya sproketi, ndipo ukaanguka wenyewe kwa kishindo. Hapa Tanga ushauri wa kwanza wa kila mtu ni bisibisi: geuza skrubu mbili zilizoandikwa H na L mpaka gia itulie. Sikuanza huko, kwa sababu skrubu hizo huweka tu mipaka ya mwendo wa kibadili, L upande wa ndani na H upande wa nje. Anayevuta ni waya, na anayerudisha ni springi.

Kilichonielekeza ni kwamba gia ilichelewa kupanda na kushuka pia. Waya uliolegea huchelewesha kupanda, na uliokazwa mno huzuia kushuka. Yakitokea yote mawili, kuna msuguano mahali. Nilifungua bolti inayobana waya kwa spana ya alen ya milimita 5, nikakisukuma kibadili gia kwa kidole, kikaenda na kurudi bila shida, lakini waya wenyewe nilipouvuta ulikuja kwa kukwaruza. Nikaipindua baiskeli: kipande cha plastiki kinachoongoza waya chini ya ekseli ya pedali kilijaa mchanga ulioshikana na grisi, mgumu kama saruji. Isitoshe, ganda la waya lilikuwa la breki. Ukilitazama mahali lilipokatwa, ganda la breki lina chuma bapa kilichozungushwa, ambacho hufupika kidogo kila waya unapovutwa, ilhali la gia lina nyuzi nyingi za chuma zilizonyooka. Nikaweka ganda la gia na waya mpya wa milimita 1.2, na ile plastiki nikaisugua kwa mswaki.

Kabla ya kufunga waya nilipima kimo cha kibadili. Bamba la nje, likiwa juu ya sproketi kubwa, linatakiwa kupita juu ya meno kwa milimita 1 hadi 3, tena sambamba nayo. Mimi hutumia kadi mbili za benki zilizopangwa pamoja. Langu lilikuwa juu mno na ncha yake ya nyuma imepinda kuelekea ndani, nikalishusha na kulinyoosha.

Skrubu zikafuata mwishoni. Kwa L, mnyororo ukiwa kwenye sproketi ndogo mbele na kubwa nyuma, niliacha nafasi ya nusu milimita kati yake na bamba la ndani. Kisha nikaunyoosha waya kwa koleo, nikakaza bolti, na kwa H, mnyororo ukiwa kwenye kubwa mbele na ndogo nyuma, nikaacha nafasi hiyo hiyo kati yake na bamba la nje.

Sasa gia hupanda kwa msukumo mdogo. Mnyororo bado hugusa bamba ukiwa kwenye ndogo mbele na ndogo nyuma, nami sijahangaika nao, kwani mpangilio huo huukunja mnyororo na sina haja nao barabarani.