Garand Inapohamisha Matundu: Acha Kwanza Kugusa Kilengeo

Mwenye M1 Garand, bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani inayojipakia yenyewe, akikuambia bunduki yake ilikuwa inapiga katikati na sasa inapiga kulia, muulize swali moja kabla hajachukua bisibisi: ni kundi zima la matundu ya risasi kwenye shabaha limehamia kulia, au matundu yanaanza katikati halafu yanatembea? Hayo ni magonjwa mawili, na dawa ya moja haisaidii lingine. Wengi hawalijibu swali hilo. Huzungusha kifundo cha kilengeo cha nyuma kliki mbili, wakapiga vizuri asubuhi hiyo, kisha wakarudi uwanjani na kukuta matundu yameenda kushoto.

Kliki moja ya Garand ni dakika moja ya pembe (sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja), yaani kama sentimita 2.7 kwenye yadi 100. Kilengeo hicho kiliundwa kusahihisha upepo na umbali. Kukitumia kuficha skrubu iliyolegea ni kujichanganya mwenyewe.

Anza na karatasi mbili za shabaha: moja ubaoni kwenye yadi 100, nyingine mezani kwako. Mtutu uwe baridi kabisa. Weka mfuko wa mchanga chini ya mbao ya kitako, mbele kidogo ya kinga ya kifyatulio, na usiuweke kamwe chini ya mtutu au mbao za mbele. Piga klipu nzima, yaani kibanio cha chuma chenye risasi 8, taratibu, na kila risasi andika namba yake kwenye karatasi ya mezani mahali ilipotua. Uache mtutu upoe hadi uweze kuushika bila kuhisi joto, kisha rudia kwa shabaha mpya. Mwishoni pandanisha karatasi mbili za ubaoni dhidi ya mwanga.

Makundi mawili madogo yaliyokaa mbalimbali yanaonyesha kwamba kitu kimehama na kutulia mahali pengine: kilengeo, silinda ya gesi (bomba fupi mdomoni mwa mtutu linalopokea gesi ya risasi), au jinsi chuma kilivyokaa ndani ya mbao. Namba zikitembea kwa mpangilio kutoka 1 hadi 8, na klipu ya pili ikafuata njia ileile, hilo ni joto, na kuna kitu kinachouzuia mtutu kutanuka. Kama namba 1 peke yake ndiyo iko kando, tazama namna risasi inavyoingia chemba, yaani nafasi ya risasi nyuma ya mtutu. Na matundu yaliyotapakaa bila mpangilio hayahusu kuhama hata kidogo. Hapo mtuhumiwa ni risasi, mdomo wa mtutu uliolika kwa ufito wa kusafishia, au mpigaji.

Kwa Garand mimi huanza mbele, kwa sababu moja tu: kilengeo cha mbele hakikufungwa kwenye mtutu. Kimefungwa juu ya silinda ya gesi, nayo silinda imevishwa kwenye mtutu juu ya meno marefu ya chuma. Silinda ikicheza, kilengeo kinacheza nayo. Kati ya vilengeo viwili kuna takriban milimita 710, kwa hiyo kilengeo cha mbele kikisogea milimita 0.2 tu, unene wa karatasi mbili za ofisini, tundu linahama karibu dakika nzima ya pembe. Tundu huenda upande ulio kinyume: kilengeo cha mbele kikienda kulia, risasi inaenda kushoto.

Toa klipu, fungua bolti, angalia chemba kwa jicho na kwa kidole. Kisha shika mtutu kwa mkono mmoja na kwa mwingine jaribu kuipinda silinda kulia na kushoto. Haitakiwi kusogea hata kidogo. Kama huna uhakika, chora mstari mwembamba wa penseli unaovuka kutoka silinda hadi kwenye mtutu, piga klipu tano, kisha uutazame. Mstari uliokatika umekwisha kujibu.

Ikiwa silinda inacheza, angalia nati yake ya mbele. Inazungushwa kwa mkono hadi ikaze, na inapomalizia lazima iwe imeelekea chini sawasawa ili skrubu ya mwisho iingie. Ikigoma kabla ya kufika chini, irudishe nyuma hadi ilingane, usiilazimishe. Ikipita chini bila kukaza, silinda haina kinachoibana kwa mbele na unahitaji nati nyingine. Jaribu mbili tatu, kwani hazikukatwa sawa zote. Meno ya mtutu yenyewe yakiwa yamelika, fundi huyagonga kidogo kwa patasi butu ili chuma kipande, mpaka silinda isiingie ila kwa kusukumwa na nyundo ya plastiki. Gonga kidogo, jaribu, gonga tena. Usiguse upande wa chini wenye tundu la gesi. Gundi ya skrubu hapo ni kupoteza muda, moto wa gesi utaimaliza.

Baada ya silinda, kaza skrubu ya kilengeo cha mbele kwa ufunguo wa Allen, halafu rudi kwenye kilengeo cha nyuma. Kipandishe kliki 10 kutoka chini na ukikandamize kwa dole gumba kwa nguvu. Kikishuka, basi kila bunduki inaporudi nyuma kinashuka vilevile, na matundu yako yatakuwa yakiteremka bila sababu inayoonekana. Kwenye aina ya vilengeo vya baadaye, vilivyo vingi sasa, kaza nati ndogo iliyo katikati ya kifundo cha kulia kwa nusu mzunguko, ujaribu tena. Usikaze hadi vifundo visizunguke.

Sasa mbao, na hapa ndipo penye kazi. Chuma cha Garand kinabanwa ndani ya kitako na kinga ya kifyatulio pekee. Unapoifunga kinga hiyo, mkono uanze kuhisi ugumu ikiwa bado imebaki kama sentimita moja kufika mwisho. Ikijifunga kwa ulaini, mbao imeshasinyaa au imelika, na risiva, yaani mwili wa chuma unaobeba bolti na mtutu, inakaa mahali tofauti kila baada ya mshindo. Vipande vyembamba vya mbao ngumu chini ya nyayo za risiva hutuliza kwa muda. Tiba ya kweli ni kuilaza risiva juu ya epoksi, gundi inayokauka ngumu, ndani ya kitako, au kubadili kitako. Ndiyo maana haifai kuitoa bunduki kwenye kitako kila baada ya kupiga: kila ukifungua na kufunga unakula mbao. Ukiihifadhi kabatini, wacha kinga ya kifyatulio ikiwa imefunguliwa ili mbao ipumue.

Kwa matundu yanayotembea na joto, tafuta mahali mtutu unapobanwa. Mtutu wa Garand una inchi 24, karibu milimita 610. Ukipata joto la nyuzi 100 zaidi unarefuka kama milimita 0.7, na urefu huo lazima upate pa kwenda. Mbao ya juu ya mbele iweze kusogea kidogo ukiisukuma mbele na nyuma. Ikiwa imekaza kati ya pete ya mtutu na silinda, punguza ncha yake kwa msasa. Mbao ya juu ya nyuma isiguse risiva. Ncha ya chuma ya kitako, pale inapoingia kwenye pete ya mtutu, iteleze bila kukwama. Alama za kung'aa au mbao iliyobanwa ikawa nyeusi zitakuonyesha panapogusa.

Fimbo ndefu inayosukumwa na gesi nayo hugombana na mbao. Toa springi yake, inua bunduki kwa mwinamo wa nyuzi kama 45, uone kama fimbo na bolti zinateremka zenyewe hadi mwisho. Zikikwama, tafuta alama ya mkwaruzo kwenye mbao na uiondoe kwa msasa, si kwa kuikunja fimbo. Fimbo hiyo imepinda kwa makusudi kiwandani. Sehemu zinazosuguana zipakwe grisi nyepesi. Mafuta hukimbia kwa joto.

Mkanda unasahaulika sana. Ndoano yake ya mbele imeshikwa kwenye ncha ya kitako iliyoingia kwenye pete ya mtutu, hivyo ukivuta mkanda unavuta mtutu pia, na matundu hushuka. Bunduki iliyosawazishwa juu ya mfuko wa mchanga itapiga chini ukijilaza na mkanda uliokaza. Hilo si kosa la bunduki: sawazisha ukiwa katika mkao utakaoshindana nao.

Risasi ziwe za aina moja na fungu moja. Risasi ya kijeshi iliyozoeleka kwenye Garand ni M2, yenye kichwa cha grani 150 (kama gramu 9.7) na mwendo wa karibu mita 835 kwa sekunde. Za kuwindia zenye baruti inayochelewa kuungua huipiga fimbo kwa nguvu kupita kiasi na zinaweza kuipinda, hapo kuhama kwa matundu ndio uchungu mdogo. Ikiwa ni namba 1 tu inayotoka kando, acha bolti ifunge kwa nguvu zake zote, usiisindikize kwa mkono. Lakini kamwe usitumbukize risasi moja ndani ya chemba kisha ukaiachia bolti ikaipiga kwa nyuma: pini inayogonga risasi inaelea huru, na fataki laini (kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi) inaweza kulipuka kabla bolti haijafungika.

Ukishabadilisha chochote, badili kimoja tu, piga klipu mbili ili chuma na mbao vikae, na hizo usizihesabu. Klipu ya tatu ndiyo ya kuandikia namba.