Kuchanja wafanyakazi wa hospitali dhidi ya homa ya mafua: nilivyoendesha zoezi

Kabla ya kuagiza dozi nilitafuta orodha ya watu wote wanaoingia wodini. Orodha ya mishahara haitoshi. Inawaacha wanafunzi wa uuguzi, walinzi, wapishi na wafanya usafi walioajiriwa na kampuni ya nje, na hao ndio wanaozunguka kila wodi. Ukiwaacha, asilimia itapendeza kwenye karatasi tu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hutangaza mchanganyiko wa aina za virusi za kutengenezea chanjo mara mbili kwa mwaka: Februari kwa kizio cha kaskazini, Septemba kwa cha kusini. Kenya iko kwenye ikweta na homa hii huzunguka karibu mwaka mzima, kwa hiyo niliagiza ule wa kusini ili tuchanje kabla ya baridi ya Juni na Julai. Nilichagua sindano zilizojazwa tayari kiwandani, dozi moja moja. Ni ghali kuliko chupa ya dozi kumi, lakini usiku, wodi ikiwa na wauguzi wawili tu, hufungui chupa nzima kwa ajili yao.

Friji ni nyuzi 2 hadi 8. Chanjo iliyoganda hutupwa, hata ikionekana safi. Kile kipimo cha kutikisa chupa na kutazama mashapo hakisaidii hapa, kwa kuwa ni cha chanjo zenye chumvi za alumini. Uharibifu mwingi hutokea kwenye kisanduku cha kubebea: vibarafu (pakiti za maji yaliyogandishwa) hutolewa kwenye friza na kupangwa papo hapo, chanjo inaganda njiani. Viache nje kwanza, kitikise kimoja karibu na sikio, ukisikia maji yakicheza ndani ndipo uvipange.

Kituo kimoja cha chanjo karibu na ofisi za utawala huwapata watu wa utawala. Wa wodini hawaachi wagonjwa wakapange foleni, basi kisanduku kiliwafuata wao, hasa saa moja jioni na saa moja asubuhi, wakati wa kupokezana zamu. Sista mkuu wa wodi alichanjwa kwanza, mbele ya wenzake. Hilo lilivuta watu kuliko mabango yote.

Dozi ni mililita 0.5 ndani ya msuli wa bega. Mchanjaji akae ikiwa anayechanjwa amekaa. Akisimama huchoma juu mno, karibu na kiungo, na maumivu ya hapo yanaweza kudumu miezi. Adrenalini, dawa ya mzio mkali, iwe karibu, na mtu apumzike dakika 15.

Swali halikubadilika: "Sista, si hii ndiyo inayoleta homa yenyewe?" Nilijibu kwamba virusi vilivyomo vimeuliwa, haviwezi kuambukiza. Mkono utauma siku moja au mbili, na kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, hivyo anayeugua siku ya nne huenda alishaambukizwa. Sikuahidi kinga kamili. Mwaka ambao chanjo inalingana vizuri na virusi, hupunguza ugonjwa wa kumpeleka mtu kwa daktari kwa takriban asilimia 40 hadi 60. Manesi wanaheshimu namba ya kweli. Ukiwaambia "hutaugua", mafua ya kwanza ya kawaida yatakuumbua.

Kwa sababu hiyo, siku za ruhusa ya ugonjwa si kipimo cha ufanisi wa chanjo: humo mna kila aina ya kikohozi. Pima kwa PCR (kipimo cha maabara kinachotambua vinasaba vya virusi) kila mfanyakazi mwenye homa na kikohozi, kisha linganisha waliochanjwa kati ya wenye virusi na wasio navyo. Tuseme wenye virusi ni 40, waliochanjwa 10. Wasio navyo 75, waliochanjwa 30. Katika kila kundi gawanya waliochanjwa kwa wasiochanjwa: 10 kwa 30, kisha 30 kwa 45, halafu jibu la kwanza kwa la pili: unapata 0.5. Itoe kwenye 1, inabaki 0.5, yaani ufanisi wa asilimia 50. Kwa hospitali moja namba huwa ndogo na jibu huyumba sana, kwa hiyo niliwapelekea wakuu kiwango cha uchanjaji cha kila wodi na kila zamu, wakaona wenyewe pa kuongeza wachanjaji.