Bua la Tope kutoka Stordalen

Mimi ni mtu wa Makete. Kwetu Juni na Julai viazi huungua shambani kwa baridi, na asubuhi ukikanyaga nyasi zinavunjika kama biskuti. Kwa hiyo nilipokwenda Umeå, Uswidi, kusoma, nilikuwa na kiburi kidogo: baridi naijua. Kiburi hicho Umeå ilikipunguza, Abisko, kijiji cha kaskazini kabisa mwa Uswidi, ikakimaliza.

Tuliondoka mwishoni mwa Machi, watu watatu: profesa wangu, dada mmoja wa Kifini anayesomea uzamivu, na mimi, ambaye kazi yangu hasa ilikuwa kuvuta sleji. Waswidi huitana kwa jina la kwanza, hata profesa haitwi vinginevyo. Mimi jina lake linanikwama kooni. Namwita "Profesa" tu, naye ameshachoka kunisahihisha.

Treni iendayo Narvik, Norwe, tuliipanda kabla hakujakucha. Kutoka hapo ni msitu, theluji, msitu tena, mpaka Boden. Mbele ya Boden tukavuka mstari wa Aktiki, miti ikaanza kuwa mifupi. Kiruna nimeiona dirishani tu, mji unaohamishwa kwa sababu mgodi wa chuma unaila ardhi iliyo chini yake. Agosti 2025 walilihamisha hata kanisa lao la mbao, zima zima, likatembea barabarani polepole kama bi harusi. Baada ya Kiruna tulisimama kupisha treni ya madini. Nilihesabu mabehewa 68, na kila moja lilifanya kioo chetu kitetemeke.

Kisha ziwa likatokea upande wa kulia. Torneträsk lina urefu wa kilomita 70 hivi na kina cha mita 168, lakini mwezi Machi huoni maji hata tone. Unaona uwanja mweupe tu, na alama za pikipiki za theluji zikikatiza kama mishono. Wasami, wenyeji wa asili wa huko kaskazini, huliita Duortnosjávri. Ng'ambo ya reli, upande wa kusini, milima miwili imeacha pengo la mviringo kana kwamba mtu aliikata kwa kijiko. Jina lake la Kisami lina maana ya bonde la bata bukini. Bata wenyewe walikuwa bado kusini, wana akili.

Abisko kuna kituo cha utafiti ambacho kimeandika hali ya hewa tangu 1913, kila siku, vita kuu mbili zikapita na daftari likaendelea. Kwa daftari hilo watu wanajua kwamba kati ya 1913 na 2006 wastani wa joto la mwaka ulipanda nyuzi 2.5, ukavuka sifuri. Lakini daftari la miaka mia na ushee haliwezi kukwambia ardhi hii iliganda lini mara ya kwanza. Ndiyo maana tulikwenda kuchota tope.

Safari ya kesho yake ilikuwa fupi, kama kilomita 10 mashariki, hadi tindiga la Stordalen. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 19 chini ya sifuri, jua likiwaka kiasi cha kuumiza macho. Kope zangu zilishikana. Hapo ndipo nilipopata somo ambalo darasani nilikuwa nimelikariri bila kulielewa.

Kwanza neno lenyewe. Pemafrosti ni ardhi inayobaki kwenye sifuri au chini yake kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Stordalen ina vilima vya mboji vyenye moyo wa barafu, viitwavyo palsa, vimeinuka juu ya tindiga kama migongo ya ng'ombe waliolala. Nilitegemea kuvikuta vimefunikwa theluji. La, vilikuwa karibu vitupu! Upepo ulikuwa umevifagia, nyasi kavu zikionekana, ilhali mabondeni kati yao nilizama hadi kiunoni. Profesa akanipa fimbo ya chuma, akasema, "Sasa niambie, ni wapi kumeganda zaidi?" Nikaonyesha bondeni, penye theluji nyingi. Dada wa Kifini akacheka mpaka akakohoa.

Theluji ni blanketi. Panapolala nene, ardhi hubaki na joto lake la kiangazi. Kilima kilichovuliwa blanketi hupigwa na baridi yote ya Januari, na mboji iliyoloa ikiganda huipitisha baridi hiyo chini upesi. Likija jua la Julai, mboji ya juu hukauka, na mboji kavu hufanya kinyume: huzuia joto lisishuke. Basi kilima kinapokea baridi kwa mikono miwili na joto kinalifungia mlango. Ndivyo barafu inavyoweza kudumu mahali ambapo wastani wa mwaka umeshavuka sifuri. Tindiga jirani, Storflaket, waliwahi kuweka uzio wa kukusanya theluji ili iwe nene kuliko kawaida, na ardhi chini yake ikayeyuka zaidi. Miaka 23 nimeishi nikiamini theluji ndiyo baridi yenyewe.

Ziwa letu lilikuwa dogo, pembeni ya tindiga, kina chake mita chache. Tulitoboa barafu kwa keekee, ilinifikia pajani. Kisha tukaunganisha bomba lenye pistoni, ambalo wataalamu wa maziwa huliita Livingstone. Niliposikia jina nikamfikiria yule wa Ujiji, nikauliza mmisionari alihusikaje na matope. Kumbe ni Daniel Livingstone, Mmarekani aliyekieleza kifaa hicho mwaka 1955 alipokuwa akichunguza maziwa ya Alaska, na baadaye akaja kuchunguza maziwa ya Afrika. Nilifurahi bila sababu ya maana.

Bomba linashushwa hadi sakafu ya ziwa, pistoni inazuiwa kwa kamba, wewe unasukuma bomba lipite pembeni yake, tope linaingia. Kazi ni kulitoa. Mara ya kwanza kamba nilishika mimi, vidole havisikii kitu, ikateleza. Tuliinua bomba, likatoka maji meusi na harufu, tope lote likarudi lilikotoka. Hakuna aliyenigombeza. Profesa alinipa tu chai ya thermosi, kamba akampa dada. Mara ya pili lilitoka bua zima la tope, refu kuliko mimi, jeusi. Harufu yake nilipoinusa niliduwaa: ni ya kinyungu kabisa, yale matope tunayopanda mahindi ya kiangazi mabondeni kwetu. Tukalifunga ndani ya mfuko wa kulalia lisigande, maana maji yakiganda hutanuka na kuvuruga matabaka. Mimi natetemeka, tope limelala kwenye joto.

Jioni kituoni walilipasua bua moja kwa urefu, na hapo nilikaa mpaka usiku wa manane. Ziwa haliandiki neno "barafu" popote. Linapokea tu kinachotoka kandoni. Tindiga likiwa limeloa, maji yanapita humo na kubeba vitu vyake hadi ziwani. Likiganda na kuinuka, maji hubadili njia na mzigo wake. Palsa ikiporomoka ukingoni, mboji ya kale inaanguka majini mapande mapande. Kila badiliko linaacha rangi yake, kiasi chake cha kaboni, na maganda yake ya daitomu, mwani mdogo wenye nyumba ya kioo. Lakini ziwa peke yake laweza kukudanganya, kwa sababu mvua kubwa nayo huleta mboji. Ndiyo maana huchimba pia kwenye tindiga lenyewe. Humo shahidi ni mimea: ukikuta mabaki ya nyasi za majini, kisha ghafla juu yake kuvumwani na vichaka vya mahali pakavu, ujue ardhi iliinuliwa, na Stordalen kinachoinua ardhi hivyo ni barafu.

Umri wanaupata kwa vitu vyenye mnururisho ambavyo hupungua kwa kasi inayojulikana: kaboni-14, na kwa tabaka za karibuni, risasi-210, inayopungua nusu kila miaka 22 hivi. Pia kuna vumbi la sesiamu, lenye mnururisho, kutoka ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, 1986, lililoanguka Uswidi na kulala ziwani kama mhuri wa posta.

Utafiti uliochapishwa 2010 kuhusu tindiga hili na ziwa la kando yake ulikuta vipindi viwili vya pemafrosti kujengeka: karibu miaka 2800 iliyopita, na tena karibu miaka 700 iliyopita. Niliposikia hivyo nikauliza lile swali ambalo nadhani kila mtu angeuliza: kama barafu ilikuja ikaondoka kabla ya magari na viwanda, wasiwasi wa nini sasa?

Profesa hakujibu haraka. Aliosha kisu. Kisha akasema kwamba barafu ile ilijengwa na hali ya hewa ya baridi, na kwamba hali ile haipo tena. Palsa zilizobaki zinaishi kwa hisani ya mboji kavu na upepo. Kina cha ardhi inayoyeyuka kila kiangazi kimekuwa kikipimwa katika matindiga ya eneo hili tangu 1978, na kinaongezeka. Palsa ikizama panakuwa dimbwi, na dimbwi hutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Nilikuwa na swali lingine, ila dada alikuwa ameshalala juu ya meza.

Nilimpigia mama. "Shikamoo mama." "Marahaba, umekula?" Nikamweleza kwamba nimetoka kuchota tope chini ya barafu. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, tope kwetu limekwisha?"

Kurudi, wenzangu walibaki siku mbili zaidi, nikapewa bua moja nilitangulize Umeå. Sharti moja: lisimame wima njia nzima, kwa kuwa tope la juu, la miaka ya karibuni, ni laini kama uji na likilazwa linachanganyika. Nililiweka katikati ya magoti, nimelifunga skafu. Kondakta alilitazama, akatazama tiketi yangu, akapita. Boden treni ilifunga breki kwa nguvu, mizigo ikaserereka, kahawa ya jirani ikamwagika suruali yangu yote. Nilikuwa nimelikumbatia bomba kwa mikono miwili.