Kontrola hazikufa: nilivyozirudisha kwenye mtandao hotelini Mbeya

Anayeishi Mbeya anaijua Julai. Katika baridi hiyo ndipo hoteli ya ghorofa nne ninayoihudumia ilipoanza kukosa maji ya moto ghorofa mbili za juu. Boila nzima, pampu nzima. Shida ilikuwa kwenye kontrola zinazoziamuru. Ziko 22, zimeungwa kwa jozi moja ya waya inayotoka kontrola hii kwenda ile, na zinaongea kwa BACnet, lugha ya mawasiliano ya vifaa vya majengo. Kwenye skrini ya kompyuta, kontrola nane zilikuwa zinapotea, zinarudi, zinapotea tena.

Ushauri niliopewa unanikera mpaka leo. Wa kwanza alinijibu kwa simu bila kuona hata picha: nunua mpya zote nane. Moja tu ni milioni na ushee! Wa pili akasema waya mrefu mno. Laini yetu haifiki mita 200, na RS-485, yaani aina ya laini ya waya tunayotumia, kwa spidi ndogo inakwenda hadi mita 1200. Wa tatu ndiye aliyenipoteza: "Kaka, funga rezista ya omu 120 kwenye kila kontrola, laini itatulia." Rezista ni kijikipande kinachokinza umeme, na omu ndiyo kipimo cha ukinzani huo.

Nikamsikiliza. Nilizunguka siku nzima na ngazi na bisibisi, dari hadi dari, nikafunga rezista 20 kwenye kontrola zote za katikati. Zile mbili za mwishoni zilikuwa nazo tayari. Jioni nikawasha. Hakuna hata moja iliyoonekana, hata zile ambazo asubuhi zilikuwa nzima. Nikazima umeme wa kontrola zote, nikapima kati ya waya wa chanya na wa hasi: omu 5 na kitu. Laini ilikuwa imelemewa, ishara haina pa kupita. Rezista hizi hufungwa ncha mbili tu za laini, basi.

Usiku huohuo nikazitoa. Nikazihesabu mezani mara mbili, zote 20. Nikapima tena nikitegemea omu 60, maana 120 mbili sambamba ni 60. Mita ikasoma 40.

Hapo moyo ulinidunda. Arobaini ni 120 gawanya kwa tatu. Kuna rezista ya tatu imejificha, na haikufungwa na mimi.

Nikakata laini katikati, pale ghorofa ya pili. Upande wa chini 120, sawa. Upande wa juu 60. Nikaendelea kugawa nusu kwa nusu, na kipimo cha nne kikanifikisha kwenye dari la korido ya ghorofa ya tatu, kwa kontrola iliyobadilishwa mwaka jana. Ubavuni ina kiswichi cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele wa Kyela, kimefunikwa na vumbi la jipsamu. Kilikuwa kimesukumwa kwenye ON. Hicho ndicho kinachounganisha rezista ya ndani. Nikakirudisha kwa ncha ya bisibisi, mita ikapanda mpaka 59. (Ukipata 57 au 58 usihangaike, pima tu umeme ukiwa umezimwa, la sivyo mita itakudanganya.)

Sita zikarudi na kutulia. Mbili zikabaki zinapokezana: hii ikionekana, ile haipo. Dalili hiyo ukiiona, nenda moja kwa moja kwenye anwani, yaani namba inayotambulisha kila kontrola kwenye laini. Zote mbili zilikuwa namba 14. Moja nikaipa 23. Nikashusha pia kikomo cha anwani kutoka 127 hadi 30, ili zisipoteze muda kuulizia namba ambazo hazipo. Ila ukiongeza kontrola yenye namba ya juu zaidi, kumbuka kukipandisha.

Gharama? Rezista zile elfu chache, na nauli ya bodaboda kwenda soko la Mwanjelwa kuzinunua.

Saa kumi na moja alfajiri mama wa usafi alifungua bomba la chumba cha mwisho ghorofa ya nne, akashika maji, akayaachia yamtiririkie viganjani mpaka mvuke ukapanda. "Ndaga fijo, fundi," akanishukuru kwa Kinyakyusa, akaenda kuamsha wenzake.